Kijitabu cha mafundi wa mabango: mwongozo kamili wa kukitengeneza kwa mkono

Wanaojaribu kutengeneza kijitabu cha mabango yaliyochorwa kwa mkono hukwama mahali palepale. Picha zimepigwa kwa ubavu, herufi zinaonekana kama zinaanguka. Ukurasa wa 7 unafuatwa na wa 26. Karatasi zinagoma kukunjika na kijitabu kinabaki wazi kama mdomo. Na baada ya jasho lote hilo, jina la fundi aliyechora halipo popote.

Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Bango la kinyozi, la duka la dawa, la kibanda cha chipsi au maandishi ya ubavuni mwa daladala ni usanifu kamili. Kuna mtu aliyepima nafasi, akachagua umbo la herufi, akapanga rangi ili jina lisomeke toka ng'ambo ya barabara. Watu huiita kazi hiyo kupaka rangi tu, na kijitabu kisichomtaja fundi kinarudia dharau ileile juu ya karatasi ya bei.

Mwongozo huu ni wa kijitabu kimoja mahususi: kurasa 32, mabango 12, nakala 50, kimeshonwa kwa uzi, na kikishakatwa kina upana wa milimita 140 na urefu wa milimita 194. Vipimo vyote vinategemeana. Ukibadilisha kimoja, hesabu upya na vingine.

## Vifaa

- Karatasi za A3 zisizong'aa, gramu 100: 220. Kila nakala inatumia karatasi 8 za A4, kwa hiyo nakala 50 ni 400, na 40 za kuharibika. A3 moja inatoa A4 mbili.
- Karatasi nene za A3 za jalada, gramu 220 hadi 250: 28. Zinatoa majalada 56.
- Uzi wa katani au uzi mnene wa pamba wa fundi viatu: mita 35.
- Kipande cha nta ya nyuki.
- Sindano 2 nene zenye ncha butu.
- Maharazi, yaani ule msumari wenye mpini anaotobolea fundi viatu.
- Rula ya chuma ya sentimita 30, kisu cha wembe wa kuvunjika na wembe mpya usiopungua vipande 10.
- Ubao au mkeka wa kukatia.
- Kijiko cha chuma cha kukandamizia mikunjo.
- Klipu kubwa 4, penseli ya 2B, futi ya kupimia.
- Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi.
- Kompyuta yenye Scribus (programu ya kupanga kurasa) na GIMP (ya kurekebisha picha). Zote ni za bure na zinatosha.

Kwa nini A3, wakati A4 zimejaa kila duka? Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na hukunjika vizuri pale tu mkunjo unapofuata nyuzi hizo. Kwenye A4 nyingi za dukani nyuzi zinafuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Ukiikunja kupata A5, mkunjo unazikata nyuzi: mgongo unapasukapasuka na kurasa zinasimama. A3 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mrefu, ukiikata katikati, inakupa A4 mbili ambazo nyuzi zake zinafuata upande mfupi, na huko ndiko mgongo utakakokuwa.

Usimwamini muuzaji kwa neno. Kata kipande cha mraba cha sentimita 10, weka alama ya upande mrefu wa karatasi, kisha lowanisha uso mmoja tu. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo linalala sambamba na nyuzi.

Mwambie mwenye mashine kubwa ya kukatia azigawe A3 zote kwa mkupuo mmoja kabla ya kuchapa. Ukizigawa kwa kisu zitatofautiana, na uchapaji wa nyuma hautakaa sawa na wa mbele. Kwa walio pwani, ongeza tahadhari ya unyevu: rimu ibaki imefungwa kwenye nailoni mpaka siku ya kazi.

## Hatua ya 1: Mpate fundi kabla ya picha

Mafundi wengi huweka jina na namba ya simu kwenye kona ya chini ya bango. Pasipo na jina, muulize mwenye duka, kisha majirani, kisha fundi mwingine wa mtaa huohuo. Mafundi hutambua mkono wa mwenzao kwa mkia wa herufi R au tumbo la S.

Ukimpata, salimia kwanza. Kama ni mtu mzima, shikamoo itangulie simu yako. Mweleze unatengeneza nini, nakala ngapi, zitauzwa au zitagawiwa, na yeye atapata nini. Ombi liandikwe kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili. Kazi ya sanaa ina mwenyewe, na Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Bango kuning'inia barabarani hakulifanyi liwe lako.

Andika mambo haya kwa kila bango: jina la fundi kama anavyotaka liandikwe, mahali lilipo, mwaka lilipochorwa, urefu na upana, aina ya rangi, brashi alizotumia, alivyopiga mistari (wengi hutumia uzi uliopakwa chaki), saa alizotumia, na nani alimfundisha. Muulize pia kama namba yake ya simu ichapwe. Kwa mmoja ni usumbufu, kwa mwingine ni wateja wapya. Uamuzi ni wake.

Umefaulu ukiwa na fomu 12 zilizojaa. Bango ambalo mwenyewe hajapatikana liache nje. Likikushinda kwa uzuri, liweke, lakini maelezo yake yaseme wazi kuwa fundi bado anatafutwa, na yataje mtaa.

## Hatua ya 2: Piga picha ya kuchapika

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hakuna programu inayorekebisha yote baadaye.

Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au siku ya mawingu. Rangi ya mafuta inang'aa, na jua la saa 6 mchana huacha doa jeupe katikati ya herufi.

Simama usawa wa katikati ya bango, siyo chini yake. Bango likiwa juu, omba ngazi au stuli. Rudi nyuma mita 3 au 4, kisha vuta picha mara mbili. Ukilisogelea na lenzi pana, kingo zinavimba na herufi za pembeni zinanenepa, na hilo ni kumsingizia fundi kosa lisilo lake. Washa mistari ya mraba kwenye kamera, ulinganishe kingo nne za bango na mistari hiyo.

Piga picha tatu za kila bango: zima, herufi moja kwa karibu, na bango pamoja na duka na barabara. Picha ya kwanza ya kila bango iwe na karatasi nyeupe ya A4 iliyoshikiliwa pembeni. Ndiyo itakayokusaidia kurudisha rangi ya kweli kwenye GIMP, maana ukuta wa kijani hutia ukijani kila kitu.

Picha ya kujaza ukurasa mzima inahitaji pikseli 1690 kwa 2360, ya kurasa mbili za katikati pikseli 3380 kwa 2360. Kamera ya megapikseli 12 inafikia vyote viwili. Kinachoua ni njia ya kutuma: picha ikipita WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ukali. Itume kama faili, au ihamishe kwa waya.

Jaribu hivi: kuza picha hadi asilimia 100 kwenye skrini. Kama unaona michirizi ya nywele za brashi ndani ya herufi, inafaa.

## Hatua ya 3: Mlipe fundi achore jalada

Fonti za kompyuta zinazoiga maandishi ya mkono ziache. Ndani ya kijitabu cha mafundi hawa zinaonekana za uongo mara moja.

Chagua fundi mmoja, mpe ubao laini wa sentimita 42 kwa 58, yaani mara tatu ya ukubwa wa jalada, na umlipe bei yake ya kawaida ya bango. Achore jina la kijitabu. Ukubwa huo una sababu: picha ikipunguzwa mara tatu, kingo za herufi zinakaza, lakini alama ya brashi inabaki. Mwambie mambo mawili tu: maneno yenyewe, na kwamba aache sentimita 5 tupu pande zote. Mengine mwachie yeye. Usimletee mchoro wako aunakili.

Kwenye ubao wa pili mwombe herufi A hadi Z na tarakimu 0 hadi 9, na hii nayo ilipwe. Kurasa mbili za alfabeti ya fundi mmoja ndizo wasomaji hukaa nazo muda mrefu zaidi, kwa sababu pale ndipo mtu anaona kuwa kuna mfumo: miguu ya herufi ina unene mmoja, matumbo yana pembe moja.

## Hatua ya 4: Gawa kurasa

Chukua karatasi 8 chakavu, zikunje pamoja, andika namba 1 hadi 32 kwa penseli. Gawa hivi:

- 1: jina la kijitabu. 2: hati, majina ya mafundi wote, mwaka na mahali. 3: utangulizi, usizidi maneno 200.
- 4 hadi 15: mabango sita, kila moja kurasa mbili zinazotazamana.
- 16 na 17: picha kubwa kuliko zote.
- 18 hadi 27: mabango matano.
- 28 na 29: alfabeti.
- 30 na 31: vifaa vya fundi, brashi na rangi zake, na jinsi anavyopiga mistari.
- 32: tupu, au mstari mmoja wa shukrani.

Kurasa za 16 na 17 zinapewa picha kubwa, ambayo ndiyo bango la 12, kwa sababu ndizo kurasa pekee zinazotazamana zilizo kwenye uso mmoja wa karatasi moja ndani ya kijitabu kizima. Picha nyingine yoyote inayovuka mgongo imegawanyika kwenye karatasi mbili, na herufi ikiangukia katikati itakatika. Neno likae upande mmoja.

## Hatua ya 5: Panga maandishi

Kwenye Scribus tengeneza ukurasa wa milimita 148.5 kwa 210. Chora mistari ya mwongozo milimita 8 kutoka juu na chini, na milimita 8.5 kutoka ukingo wa nje. Hapo ndipo wembe utapita. Upande wa mgongo haukatwi.

Milimita hizo 8 hazipotei bure. Printa nyingi haziwezi kuchapa milimita 4 au 5 za mwisho za karatasi. Ukikata zaidi ya hapo, picha inaweza kufika ukingoni kabisa bila ufito mweupe, mradi uivushe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia.

Pambizo: ndani milimita 18, nje 14, juu 15, chini 20, tatu za mwisho zikipimwa kutoka mstari wa kukatia. Maandishi pointi 10, nafasi ya mistari pointi 14, fonti yoyote tulivu yenye vikia kama Gentium. Maelezo ya picha pointi 8, na jina la fundi lianze, kwa herufi nzito, kabla ya jina la duka.

Usinyooshe maandishi kulia na kushoto. Kiswahili kina maneno marefu: "walivyokubaliana" ikigoma kuingia kwenye mstari, programu hutawanya maneno yaliyobaki na kuacha mashimo meupe. Panga kushoto tu, na uzime ukataji wa maneno wa kompyuta. Umewekewa kanuni za Kiingereza, utakata "ng'" au "ny" katikati. Ukilazimika kukata neno, kata kwa mkono baada ya irabu: wali-vyokubaliana.

Usizungushie ukurasa fremu nyembamba karibu na ukingo. Printa huteleza milimita 1 au 2 kati ya uso wa mbele na wa nyuma, na fremu itaitangaza tofauti hiyo.

## Hatua ya 6: Oanisha kurasa za kuchapa

Kanuni ni moja: kurasa mbili zinazokaa pamoja kwenye uso mmoja wa karatasi, jumla yake ni 33. Namba shufwa kushoto, witiri kulia.

- Karatasi 1: mbele 32 na 1, nyuma 2 na 31
- Karatasi 2: mbele 30 na 3, nyuma 4 na 29
- Karatasi 3: mbele 28 na 5, nyuma 6 na 27
- Karatasi 4: mbele 26 na 7, nyuma 8 na 25
- Karatasi 5: mbele 24 na 9, nyuma 10 na 23
- Karatasi 6: mbele 22 na 11, nyuma 12 na 21
- Karatasi 7: mbele 20 na 13, nyuma 14 na 19
- Karatasi 8: mbele 18 na 15, nyuma 16 na 17

Acrobat Reader ina amri ya Booklet inayopanga hivi yenyewe, lakini mara nyingi inapunguza ukurasa kidogo ili uingie eneo la printa, na vipimo vyote vya hatua ya 5 vinavurugika. Ni salama zaidi kutengeneza faili la pili la kurasa 16 za A4 zilizolala, ukazioanisha mwenyewe na kuhifadhi PDF.

## Hatua ya 7: Nakala ya mfano

Usichape 50 kabla ya kushona moja. Weka mstari wa milimita 100 kwenye ukurasa wa 32, kisha chapa kwa ukubwa halisi, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, kila ukurasa wa pili utasimama kichwa chini.

Pima ule mstari. Ukiwa milimita 97, kuna mahali programu au duka limepunguza ukubwa. Ukisharekebishwa, ufute.

Peleka nakala hii kwa mafundi uliowahoji, ukaisome nao. Majina yakikosewa hapa, hasara ni karatasi 8.

## Hatua ya 8: Chapa

Printa ya leza inafaa kwa kazi hii. Wino wa maji huvuja ukishikwa na vidole vyenye jasho.

Tegemea rangi kubadilika. Bluu kali ya skrini huelekea zambarau kwenye karatasi, na vivuli vinakuwa vyeusi. Ng'arisha vivuli kidogo, kisha chapa ukurasa wenye nyekundu na bluu nyingi na uulinganishe na bango lenyewe, siyo na simu. Pia mwombe mwenye duka achague aina ya karatasi nene kwenye mashine. Tona, yaani unga wa rangi wa printa ya leza, isiposhikwa na joto la kutosha inabanduka ukiikwaruza kwa kucha.

## Hatua ya 9: Kunja

Kunja karatasi moja moja. Ukikunja nane kwa pamoja, za ndani hufanya mawimbi. Linganisha pembe, bana kwa kidole katikati, kisha pitisha mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kijiko, vinginevyo chuma kitang'arisha tona.

Jalada likunjwe baada ya kutiwa mfuo: pitisha rula na ncha butu ya sindano mara mbili kwenye mstari wa katikati. Bila mfuo, rangi nzito ya mgongoni itapasuka na kuonyesha weupe.

Zipange kwa namba, karatasi ya 8 ndani ya ya 7, hadi jalada. Fungua kila seti uhesabu kurasa kabla ya kushona. Kisha zilaze chini ya tofali lililofungwa gazeti usiku kucha.

## Hatua ya 10: Toboa na shona

Kata ufito wa karatasi nene wa milimita 210, uweke alama kwenye 23, 64, 105, 146 na 187. Ulaze ndani ya mkunjo na utoboe kwa maharazi, ncha ikielekea kwenye mgongo, si ubavuni. Tundu likitoka nje ya mkunjo, mshono utapinda na hauna dawa. Ziite tundu 1 hadi 5 kutoka juu.

Kata uzi wa sentimita 60, uvute juu ya nta mara mbili ili usijifunge mafundo wala kuteleza.

1. Ingia kutoka ndani kwenye tundu la 3, toka nje. Acha mkia wa sentimita 7 ndani.
2. Nje, nenda tundu la 2, ingia ndani.
3. Ndani, nenda la 1, toka nje.
4. Nje, rudi la 2, ingia ndani.
5. Ndani, ruka la 3, nenda la 4, toka nje.
6. Nje, nenda la 5, ingia ndani.
7. Ndani, rudi la 4, toka nje.
8. Nje, rudi la 3, ingia ndani.

Hakikisha ncha mbili za uzi ziko pande tofauti za ule mshono mrefu uliopita juu ya tundu la 3. Zifunge juu yake kwa fundo maradufu, acha sentimita 1. Zikiwa upande mmoja, fundo halina kitu cha kushika na litalegea.

Kosa la kawaida ni kuvuta uzi kuelekea juu. Vuta sambamba na mgongo kila mara, la sivyo uzi unachana karatasi kama msumeno. Ukiona mshono wa nje umenyooka bila pengo, na ukurasa wa 16 unalala wazi bila kushikiliwa, umeshona sawasawa.

## Hatua ya 11: Kata kingo

Kukata kunafuata kushona. Karatasi za ndani zimesukumwa nje takriban milimita 1 na unene wa zile za nje, kwa hiyo ukikata kabla, ukingo utakuwa ngazi.

Anza na ukingo wa mbele, milimita 140 kutoka mgongoni, kisha juu, kisha chini. Bana kijitabu na rula kwa klipu, na upitishe wembe kwa wepesi mara kumi au zaidi. Ukikandamiza, wembe unakimbia chini ya rula na kurasa za chini zinatoka pana kuliko za juu. Vunja wembe kila baada ya nakala 5. Kama duka lina mashine kubwa ya kukatia, peleka nakala zote huko, lakini uwepo mwenyewe na kipimo mkononi.

## Kugawa nakala

Kila fundi apate nakala 2 kabla ya nakala yoyote kuuzwa, na aliyechora jalada apate 3. Tenga moja ya maktaba ya mkoa wako. Ukitaka ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na lazima uiombe kabla ya hatua ya 8 ili namba iingie ukurasa wa 2.

Njia hiihii inafaa kwa kanga, ukibadilisha fomu tu: badala ya brashi na rangi, andika pindo (mpaka wa pembeni), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Kazi ya kumtafuta mchoraji itakuwa ngumu zaidi. Kwenye kanga nyingi utasoma chapa ya mwenye mali, kama ile ya Mombasa inayojulikana kwa "Mali ya Abdulla", lakini aliyekaa chini akalichora pindo hatajwi. Anza na wauzaji wa zamani wa kanga, na uende na kanga yenyewe mkononi.